Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Familia na Marafiki wa Wakazi wa Makao ya Wazee

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, naleta mbele yenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Shughuli za kawaida wengi wenu mmezishuhudia (nasema wengi kwa adabu), kwa hiyo sitazirefusha.

SHUGHULI ZA KAWAIDA

Mazoezi ya kwenye viti yaliendelea asubuhi tatu kila wiki, na kikao cha nyimbo siku ya nne. Bustani iliongezewa kitanda kimoja cha mimea kilichoinuliwa, nacho kiko wazi kwa chini, kimo cha sentimita 70, ili mwenye kiti cha magurudumu aingize magoti badala ya kukaa ubavu na kupinda mgongo. Kazi ya kuandika majina kwenye miwani, vifaa vya kusikia na meno ya bandia ilikamilika. Meno bado yanapotea, ila sasa tunajua njia yake: mkazi huyavua mezani, huyafunga kwenye karatasi ya kufutia mdomo, na karatasi huondoka na sinia kwenda kwenye taka. Mhudumu apekue karatasi kabla ya kuinua sinia. Sikukuu zote ziliadhimishwa. Kamati ilialikwa kwenye vikao vya baraza la wakazi na ilihudhuria bila kukosa.

UAMUZI KUHUSU UKUMBI

Nafika kwenye jambo ambalo limetuletea barua nyingi kuliko mambo mengine yote yakijumlishwa.

Mnajua ukumbi ulivyokuwa: viti 32 vimeegemea kuta nne, katikati sakafu tupu, na runinga ikiwashwa alfajiri na kuzimwa wakati wa kulala. Kamati, kwa pendekezo la mwenyekiti, iliuomba uongozi wa makao uvunje mstari huo wa ukutani, uweke meza nane za watu wanne wanne, na uzime runinga kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Uongozi ulikubali. Runinga hiyo ilinunuliwa kwa michango yenu, na baadhi yenu mmeandika kwamba kamati imedharau mchango huo. Hakuna aliyeudharau. Runinga ipo palepale, inafanya kazi, na imepumzishwa kwa saa tatu kati ya ishirini na nne.

Sababu ni hizi. Watu wawili waliokaa bega kwa bega ukutani, wakitaka kuongea, lazima kila mmoja azungushe shingo karibu robo duara. Shingo yenye baridi yabisi haizunguki hivyo. Mwenye presha ya macho huenda amepoteza uoni wa pembeni, na jirani yake hamwoni kabisa. Aliyekaa upande wa pili wa ukumbi yuko mita sita au saba, na sauti ya mzee haifiki huko. Usikivu wa uzeeni nao hauondoki wote kwa pamoja. Kinachotangulia kupotea ni sauti nyembamba, zile za s, f, t na sh, ambazo ndizo zinazotofautisha neno na neno. Mkazi anasikia kwamba kuna mtu anasema, ila hasikii anasema nini. Ukiongeza runinga juu yake, na kifaa cha kusikia kinachokuza runinga sawasawa na kinavyomkuza jirani, mtu anaacha kujibu. Baada ya miezi michache tunaambiwa amechanganyikiwa.

Wala hili si jipya, na si mwenyekiti aliyelibuni. Mwaka 1958 Robert Sommer na Hugh Ross walichapisha matokeo ya kazi yao katika wodi ya wazee huko Saskatchewan, Kanada. Wodi ilikuwa imepakwa rangi na kupambwa upya, na bado wagonjwa walikaa kimya wakitazama sakafu. Viti vilipotolewa ukutani na kuzungushiwa meza ndogo, mazungumzo yalikaribia kuongezeka maradufu. Watu walikuwa walewale, na viti vilevile.

Sasa utekelezaji, kwa kuwa mmoja wenu aliandika kwamba “tulisukuma meza tu”. Meza ni za mraba, upande sentimita 90, kwa sababu mraba humpa kila mtu upande wake na hakuna anayegombea nafasi ya kikombe. Chini yake pana uwazi wa sentimita 70 ili magoti ya mwenye kiti cha magurudumu yapite. Kati ya meza na meza tumeacha sentimita 120, na karibu na mlango mita moja na nusu, kwa kuwa kiti cha magurudumu hakigeuki chini ya hapo bila kugonga kisigino cha mtu. Viti vyote vina mikono, na kimo cha sehemu ya kukalia ni sentimita 45 hadi 48. Mkazi mfupi huwekewa kibao cha kukanyagia. Miguu ikining'inia, mapaja yanabanwa, damu haizunguki vizuri, na mtu anaanza kuteleza mbele. Kibao hicho kiondolewe kabla hajasimama. Hakuna kiti kilichoupa mlango mgongo, maana asiyesikia vizuri hushtuka anapoguswa na mtu ambaye hakumwona akija. Na hakuna anayekaa dirisha likiwa nyuma yake akitazamana na mwenye usikivu hafifu: uso unakuwa kivuli, na midomo haisomeki.

Nani akae na nani, tuliwaachia wakazi. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walieleza jaribio lao katika makao ya wazee ya Connecticut, Marekani. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa wapange vyumba wenyewe, wachague usiku wa filamu, na kila mmoja achague mmea wa kuutunza. Wa ghorofa nyingine walitunziwa mimea na wauguzi. Baada ya majuma machache wa kwanza walionekana kuwa wachangamfu na wenye shughuli zaidi. Kwetu mkazi huulizwa kila asubuhi anataka meza gani, na jibu la “staki meza yoyote” linaheshimiwa. Viti vinne vimewekwa dirishani kwa ajili hiyo.

Viti vilirudi ukutani, nalo nalisema wazi. Vilirudi karibu kila usiku. Wafanya usafi hupiga deki kwa urahisi sakafu ikiwa tupu, na wahudumu wa usiku hutaka njia pana ya kupitisha vitanda. Kuna aliyeshauri tubandike utepe mweusi sakafuni kuonyesha nafasi za meza. Tulikataa, na ningekataa tena. Utepe huinuka pembeni na kukwaza mguu, na mwenye demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) anaweza kuuona mstari mweusi kama shimo, akakataa kuuvuka au akajaribu kuuruka. Badala yake tumeweka alama ndogo chini ya miguu ya meza, rangi inayokaribiana na sakafu, na mchoro wa ukumbi umebandikwa ndani ya kabati la mafagio. Tangu hapo meza zinakaa.

Hoja ya kwamba meza zitaongeza kuanguka niliichukulia kwa uzito kuliko ile ya runinga. Kuanguka ukumbini hutokea hasa wakati wa kuinuka: breki za kiti cha magurudumu hazijafungwa, vikanyagio havijakunjwa, ndala hazina kisigino, au mtu kainuliwa mara tu baada ya kula. Shinikizo la damu kwa wazee wengi hushuka baada ya mlo, na linaweza kukaa chini kwa muda wa hadi saa mbili. Ndiyo maana muda wa meza umewekwa kabla ya chakula cha mchana. Anayesimama akae kwanza ukingoni mwa kiti dakika moja au mbili, akanyage vidole na visigino mara kumi, ndipo ainuke. Daftari la matukio tulilooneshwa na muuguzi mkuu halina ongezeko. Miezi bado michache, sitajisifu.

Faida moja hata wapinzani wa uamuzi huu hawajaitaja. Ukutani hapakuwa na pa kuweka kikombe. Mwongozo wa lishe ya wazee unaotumiwa na wataalamu wa Ulaya unataka mwanamke mzee apate angalau lita 1.6 za vinywaji kwa siku, na mwanaume lita 2, isipokuwa daktari amezuia kwa sababu ya moyo au figo. Kwa kikombe cha mililita 200, hiyo ni vikombe vinane hadi kumi. Havinyweki kikombe kikiwa nyuma ya bega. Sasa jagi liko katikati ya meza, vikombe ni vyepesi, vina mikono miwili na hujazwa nusu, kwa kuwa kikombe kilichojaa hadi mdomoni huachwa na mwenye mkono unaotetemeka. Anayekataa maji mara nyingi hana chuki na maji, anaogopa kutofika chooni. Kwa hiyo wahudumu huanza na mzunguko wa choo nusu saa kabla. Nawasihi tena wageni: msimpe mkazi kinywaji kabla ya kumwuliza muuguzi. Wapo wanaokunywa vinywaji vilivyofanywa vizito kwa sababu ya shida ya kumeza, na maji mepesi kwao yanaweza kuingia mapafuni.

Mwisho kabisa, wapo wanaosema mwenyekiti alipaswa kuleta suala hili kwenye mkutano wa wanachama. Mkutano uliitishwa. Ukaahirishwa kwa kukosa akidi, ukaitishwa tena, ukaahirishwa tena. Katiba inaipa kamati madaraka ya kuamua hali ikiwa hivyo, na kamati ikaamua. Wakosoaji wakali zaidi, nimeangalia karatasi za mahudhurio, hawamo katika mkutano wowote kati ya hiyo miwili.

MAHUDHURIO

Meza peke yake haizungumzi. Mpango ulikuwa kila asubuhi wanachama sita wakae mezani kwa dakika 45. Kwa kawaida wanakuja wawili, na asubuhi za mvua hakuji mtu. Mhudumu mmoja aliyebaki ukumbini hawezi kukaa, kwa sababu wakati wowote kuna anayetaka choo. Meza isiyo na mgeni husinzia baada ya robo saa, kisha mtu anaomba runinga iwashwe, na mnaandika barua kwamba mpango umeshindwa.

Kazi yenyewe si ngumu. Fika, kaa chini ili macho yenu yalingane, futa miwani ya kila mmoja kwa kitambaa laini. Shika kifaa cha kusikia ndani ya ngumi iliyolegea: kikipiga filimbi, kinafanya kazi, kikinyamaza, huenda betri imekwisha au nta imeziba mdomo wake. Usiulize “unakumbuka?”, kwani swali hilo ni mtihani, na anayeshindwa mtihani hunyamaza. Leta kitu cha kushikika, kipitishe mkono kwa mkono, kisha uliza swali la kuchagua kati ya mawili. Wimbo mmoja wa ujana wao, kisha uzime. Redio inayoendelea bila kikomo ni runinga isiyo na picha.

Kuhusu ziara za familia, niseme lililo moyoni. Siku ya sikukuu tunajaa watu kumi kuzunguka kiti kimoja, kila mmoja na simu yake ya kupiga picha, wote tukiongea kwa mpigo. Mkazi anachoka, jioni anahangaika, na wahudumu ndio wanaobaki naye. Kisha majuma yanapita kimya. Dakika ishirini kila wiki, mtu mmoja au wawili, asubuhi, zina faida kubwa kuliko hiyo.

ADA

Kwenye daftari tuko wanachama 74. Waliolipa ada yote ni 31, waliolipa nusu 12, na ambao hawajalipa chochote 31. Kati ya fedha iliyopatikana, theluthi mbili hivi zilikwenda kwenye meza, vikombe na kitanda cha bustani, na kilichobaki kwenye betri za vifaa vya kusikia na nauli za wanamuziki. Mhazini anayo hesabu kamili kwa atakayetaka.

Betri hizo ndizo zilizotuumiza. Ni za aina inayovuta hewa: ukishabandua kibandiko chake zimeanza kazi, na kukirudisha hakuziokoi. Zinadumu wiki moja hadi mbili. Zinataka kuachwa wazi dakika chache kabla ya kuingizwa, vinginevyo zinaonekana mbovu, na tumekuta kwenye ndoo za taka betri nzima zilizotupwa kwa kukosa subira hiyo. Katika robo ya tatu tulikosa fedha ya kununua nyingine, na wakazi wanane walikaa mezani vifaa vikiwa vimekufa masikioni. Kifaa kilichokufa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kinaziba sikio. Waliokuwa na deni wakati huo wanajijua.

MATARAJIO

Mwaka ujao, hali ikiruhusu, tunatumaini kupata mapazia mazito ya kupunguza mwangwi ukumbini, kuanzisha kwaya ya wakazi, na pengine kuongeza asubuhi moja ya mazoezi. Kuna mazungumzo na uongozi kuhusu kufuga paka. Kamati italifuatilia.

Hoja ya kurudisha runinga asubuhi iko kwenye ajenda namba 5 na itapigiwa kura. Katiba inasema mwenye deni la ada hapigi kura. Mhazini atakaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi tangu saa 2 asubuhi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti