Harambee ya Chakula kwa Wanafunzi Wetu wa Chuo

Wapendwa washirika, Bwana asifiwe.

Mwaka jana binti mmoja wa hapa kanisani, aliyefika Marekani na wazazi wake kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, aliacha somo la anatomia katikati ya muhula. Akina mama walipomkalisha chini, alisema alikuwa akitoka zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo na kuingia darasani saa mbili asubuhi, hajatia kitu tumboni tangu jana yake. Hakutaka kutusumbua.

Tuliuliza na wengine, majibu yakafanana.

Mwanachuo wa miaka 18 hadi 49 anayesoma angalau nusu ya masomo ya muhula kwa kawaida hapati msaada wa chakula wa serikali, uitwao SNAP, mpaka atimize sharti maalumu. Sharti ambalo vijana wetu hulikimbilia ni kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Basi anaongeza zamu ili ale, muda wa kusoma unakwisha, anaacha somo. Akiacha mengi, hata ruzuku ya serikali iitwayo Pell, inayomlipia karo, yaweza kukatwa. Na tangu sheria ya Julai 2025, mkimbizi asiye na kadi ya ukaazi wa kudumu ameondolewa SNAP kabisa.

Vyuo vingi vina stoo ya chakula cha bure, na tunashukuru. Lakini wa zamu huikuta imefungwa, na wengine wanaona haya kupanga foleni mbele ya wenzao. Kwetu hataulizwa kitu.

Kila Jumapili baada ya ibada tutapika wali, maharage, sombe (majani ya muhogo) na kuku, kila mwanafunzi aondoke na chakula cha siku tano. Jiko lipo. Wanafunzi ni 14, dola 20 kwa wiki kila mmoja, wiki 15: dola 4,200. Mkononi tuna 1,150, zimebaki 3,050.

Harambee ni Jumapili ya pili ya Agosti. Dola 300 zinamlisha mmoja muhula mzima. Familia mbili tatu zaweza kushikana. Asiye na fedha alete mchele, au aje Jumamosi jioni kutwanga sombe, kazi inayotaka mikono mingi. Bahasha apewe mweka hazina. Hesabu tutazibandika mlangoni kila mwezi.

Binti yetu amejiandikisha tena anatomia. Masomo yanaanza mwisho wa Agosti.

Kamati ya Akina Mama