Wagonjwa wa misuli msituzuie mazoezi

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa afya iliyowaonya wenye magonjwa ya misuli ya kurithi wasiguse uzito wa aina yoyote nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimemkumbuka baba yangu. Baba hakuweza kuinua mikono juu ya mabega. Alichana nywele kwa kuegemeza kiwiko mezani, kisha akakiinamisha kichwa kikifuate kitana. Ugonjwa wake, distrofi (kudhoofika kwa misuli) ya uso na mabega ambayo madaktari huiita FSHD, nami nimeurithi. Kila mtoto wa mzazi mwenye nao ana nafasi ya nusu kwa nusu. Nilipopimwa nikiwa na miaka 26, niliambiwa nipumzike, nguvu nilizonazo nizitunze kama akiba.

Nilitii miaka tisa. Nikabebewa ndoo, nikaletewa kiti, nikaacha ngazi. Kila nikinyanyua kitu nasikia, "Acha, mama, utajichosha." Walinipenda, najua. Lakini msuli usiotumika husinyaa hata kwa mtu mzima wa afya, nami nikawa napungukiwa mara mbili: kwa ugonjwa, na kwa kile kiti. Hilo makala yenu haikuligusa hata kidogo.

Hofu yenu ina msingi, nami naujua kwa mwili wangu. Siku niliyochoka kukaa, nilikwenda kunyanyua vyuma. Mkufunzi alinihimiza nivishushe polepole, akisema maumivu ndiyo dalili ya kukua. Siku ya nne bado sikuweza kuinua kikombe, na mkono wa kulia ulichukua miezi miwili kurudi. Baadaye nilielezwa kwamba kushusha mzigo, msuli ukirefuka huku umebeba, ndiko kunakouumiza zaidi. Kwa watoto wenye Duchenne, ugonjwa mwingine wa misuli wa kurithi, hatari ni kubwa kuliko yangu, maana misuli yao haina distrofini, protini inayoukinga utando wa seli usichanike. Kwa mtoto wa namna hiyo vyuma vizito ni madhara matupu.

Aliyenitoa katikati ya kiti na vyuma ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kwanza alitaka moyo wangu upimwe, kwa kuwa baadhi ya magonjwa haya, Becker kwa mfano, hufika moyoni. Kisha akanipa mkanda mwepesi wa mpira: marudio 10, mara tatu kwa wiki, siku ya mapumziko katikati. Nusu saa baada ya zoezi nikijiona dhaifu kuliko nilivyoanza, au maumivu yakivuka siku ya pili, tunapunguza. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, nisingoje kesho, niende hospitali, kwa sababu misuli iliyovunjika huweza kuharibu figo.

Uholanzi, watu 65 wenye ugonjwa kama wangu walifuatiliwa mwaka mzima katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Mazoezi ya nguvu hayakuwadhuru, ingawa nguvu walizoongeza zilikuwa kidogo. Nimeandika kidogo makusudi, kwa sababu sitaki mgonjwa yeyote auziwe uponyaji. Mabega yangu bado yametokeza mgongoni kama mbawa. Ila leo nainuka kwenye kiti cha chini bila kujivuta kwa meza, na birika nalishika kwa mkono mmoja. Mtu ambaye hajawahi kuomba amiminiwe chai hawezi kujua ukubwa wa jambo hilo.

Naomba basi mrudi kwenye makala ile mwandike upya, mkitaja kila ugonjwa kwa jina lake. Wa Duchenne, wa Becker, wa FSHD, hatubebi mzigo mmoja, na kutuweka sote katika onyo moja ni kutuumiza. Waelezeni wasomaji pia tofauti ya mkanda wa mpira na chuma cha kilo 20.

Binti yangu ana miaka 14 na ameanza kushindwa kupiga mluzi, dalili ninayoifahamu vizuri mno. Alisoma makala yenu kabla yangu, akaja na mkanda wake mkononi kuniuliza kama autupe. Nimemwambia autundike palepale nyuma ya mlango, Jumatano tunaendelea.

Msomaji wenu,
(Jina limehifadhiwa)