Mistari ya ramani ilazwe, lakini vimo vihifadhiwe

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze vijana wanaochora ramani hapa Lamu jambo linaloharibu kazi nyingi njema. Polilaini, yaani mstari wa vipande vilivyoungwa ncha kwa ncha katika mchoro wa kompyuta, ikiwa ya pande tatu hubeba kimo katika kila ncha yake, ilhali polilaini bapa ina kimo kimoja kwa mstari mzima. Kwa hiyo anayechora mpaka wa kiwanja kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kisha akasoma urefu wake kabla ya kuulaza, yaani kuushusha wote kwenye kimo kimoja, hupata urefu wa mteremko badala ya ule wa mlalo unaotakiwa kwenye ramani ya mipaka. Mpaka wa mita 40 za mlalo unaopanda mita 9 husomeka mita 41, na mita hiyo moja yatosha kuwagombanisha majirani.

Katika AutoCAD, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, amri ya FLATTEN huishusha mistari hadi kimo sifuri, na vimo vya awali hupotea. Basi nakala ya mchoro wa kwanza ihifadhiwe kando, kwani mhandisi wa mitaro ya maji ya mvua hawezi kupanga mteremko bila vimo hivyo. Nawasihi wateja nao wadai michoro yote miwili.

Mpima ardhi,
Lamu