Shukrani kwa mama wa fimbo mbili, treni ya Tegernsee

Mama, jina lako hatulijui, ndiyo maana tunakushukuru hadharani. Jumamosi ile ya Aprili tulipanda treni München, kusini mwa Ujerumani, kwenda ziwani Tegernsee, watoto wawili na kigari cha mtoto, tukachagua behewa tupu. Kumbe lilikuwa tupu kwa sababu. Treni za njia hiyo hukatwa vipande kituo cha Holzkirchen: kipande kimoja huenda Bayrischzell, kilichobaki hukatwa tena Schaftlach, nusu Lenggries, nusu Tegernsee. Na ndani huwezi kuvuka kutoka kipande hadi kipande.

Ulituuliza neno moja tu, "Tegernsee?", ukatuonyesha kibao kilichoandikwa Bayrischzell. Hukuishia kunyoosha kidole. Treni iliposimama Holzkirchen ulizitundika fimbo zako za kupandia milima mkononi, ukashika magurudumu ya mbele ya kigari, ukashuka nasi, ukatusindikiza hadi mlango ulioandikwa Tegernsee, kisha ukarudi mbio kwenye behewa lako. Kabla ya hapo ulikuwa umeona Bayern-Ticket yetu, tiketi ya siku ya jimbo la Bavaria, haina majina, ukatoa kalamu. Tiketi hiyo lazima iandikwe majina ya wasafiri. Mkaguzi hana mzaha na hilo.

Ndugu mnaoishi huku, mkiona familia imetulia kwenye kipande cha Bayrischzell huku watoto wanaimba habari za ziwa, waulizeni lile neno moja, mapema, kabla ya Holzkirchen.

Na mama, kalamu yako tunayo.