Mwanagenzi wa matangazo apewe kazi nzima

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu vijana wanaokwenda kufanya mafunzo kwa vitendo katika kampuni za matangazo. Msimu wa mafunzo ukikaribia, wanafunzi hugombania kampuni kubwa zenye majina, na anayeangukia kampuni ndogo huhesabiwa kuwa amekosa bahati. Mimi nilijifunza katika kampuni ndogo, na naamini huko ndiko kazi hii inakoonekana yote. Lakini lipo sharti: mwanagenzi apewe angalau kazi moja aishike tangu mteja anapoketi kueleza shida yake hadi ankara inapolipwa.

Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo, kipeperushi cha ukurasa mmoja na tangazo la redio la sekunde 30, kwa mteja mwenye bajeti finyu. Mkuu wetu angeweza kuimaliza haraka peke yake. Aliamua ipite mikononi mwangu, naye awe karibu akinisahihisha.

Chuoni tulisomeshwa kwamba brifu, yaani maelezo ya kazi anayoitaka mteja, ni fomu yenye mambo ya kujaza: walengwa, ujumbe, bajeti, muda. Sina ugomvi na fomu hiyo. Ila haikufundishi kwamba mteja mara nyingi huja na dawa kabla ya kutaja ugonjwa. Mteja wetu alikuja akitaka kipeperushi, chenye picha nyingi na rangi za kuvutia. Mkuu hakubisha. Alimuuliza tu, mtu akishakisoma unataka afanye nini? Mteja alifikiri kwa muda, kisha akaanza kueleza mambo ambayo hayakuwa kwenye fomu yetu: kwamba watu wanamfahamu, wanapita mlangoni kwake kila siku, lakini hawaingii kwa kudhani kwamba huduma zake ni za wenye uwezo tu. Basi shida haikuwa kutojulikana, ilikuwa kudhaniwa vibaya. Kila neno tulilokuja kuandika baadaye lilitoka kwenye jibu hilo. Kama ningeletewa brifu iliyokwisha kujazwa, kama inavyokuwa mahali ambapo mmoja huonana na mteja na mwingine huandika, nisingejua kwamba swali moja linaweza kugeuza kazi nzima.

Tangazo la redio lilinifunza kuhesabu. Sekunde 30 hazibebi zaidi ya maneno 60 hivi ya Kiswahili yakisomwa kwa utulivu, na ndani yake lazima jina la mteja lisikike zaidi ya mara moja. Nilisoma kwa sauti, saa mkononi, nikikata sifa moja baada ya nyingine. Kinachobaki baada ya kukata ndicho mteja anachouza.

Kisha tukakaa na msanifu, anayepanga picha na maandishi kwenye ukurasa. Kwa muda mrefu katika kampuni za Marekani mwandishi alikuwa akimaliza maneno yake na kuyapeleka kwa mchoraji, kila mmoja chumbani kwake. Bill Bernbach, aliyeanzisha kampuni yake na wenzake huko New York mwaka 1949, anakumbukwa kwa kuwaweka wawili hao pamoja wafikirie wazo moja. Tangazo maarufu la Volkswagen la mwaka 1959, lenye gari dogo katika ukurasa uliobaki karibu mtupu, lilitoka kwenye utaratibu huo. Kampuni ndogo haihitaji kuusomea utaratibu huo, kwani meza ni moja. Msanifu wetu aliniambia kichwa changu cha habari kinarudia kile ambacho picha imekwisha kusema, nami nikamwonyesha mahali ambapo picha ilikuwa ikiwatisha watu wale wale tuliotaka waingie. Tulitoka na kipeperushi chenye nafasi kubwa nyeupe. Mteja aliogopa kwamba amelipia karatasi tupu, na kumweleza kwa nini jicho linahitaji pa kupumzikia kulinifunza zaidi ya mtihani wowote.

Kwa mchapaji nilijifunza mambo ambayo hayana mjadala: skrini huonyesha rangi kwa mwanga na mashine huzipata kwa wino, hivyo hazilingani, picha iwe na nukta 300 kwa inchi, rangi ipitilize milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, na hakuna kuchapa kabla mteja hajatia saini nakala ya kuhakiki.

Ninalotaka wenye kampuni walifikirie zaidi ni fedha, kwa sababu mwanagenzi huondolewa chumbani zinapozungumzwa. Mimi niliachwa nikae. Nikaona kwamba redio na mchapaji hutaka malipo mapema, ilhali mteja hulipa baada ya wiki nyingi, na pengo hilo hubebwa na kampuni. Nikaelewa kwa nini mkuu alidai malipo ya awali, na kwa nini aliandika kwenye mkataba idadi ya marekebisho ambayo mteja angefanyiwa bila nyongeza. Wakala wa kwanza wa matangazo Marekani, kama Volney Palmer wa Philadelphia katika miaka ya 1840, waliishi kwa kamisheni waliyoipata kwa kuuza nafasi za matangazo magazetini, na kwa miongo mingi baadaye asilimia 15 ilikuwa desturi. Kampuni ndogo leo hutegemea zaidi ada ya kazi yenyewe, maana yake saa za watu. Kijana asiyejua hilo ataona marekebisho ya kumi ni usumbufu wa mteja, hataona kwamba ndiyo yanayokula mshahara wake wa kesho. Na kwa kuwa saa hizo huingia kwenye ankara, mwanagenzi ambaye kazi yake imeuzwa naye anastahili kulipwa.

Najua kampuni ndogo ina haraka, na ni rahisi kijana apewe kupunguza ukubwa wa picha hadi mafunzo yaishe. Anayefanya hivyo siku zote huondoka na ustadi wa programu moja. Vyuo navyo vina nafasi hapa: fomu ya tathmini huuliza juu ya mahudhurio, nidhamu na mavazi. Iongezwe sehemu inayomtaka msimamizi ataje kazi ambayo mwanafunzi aliifuata mwanzo hadi mwisho, na jina la mteja kama ameruhusu. Mkufunzi anayekuja kukagua aombe kuiona kazi hiyo mezani, pamoja na brifu yake na nakala zote zilizokatwa kalamu nyekundu.

Ni mimi msomaji wako,
Aliyepitia mafunzo katika kampuni ndogo ya matangazo