Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mama Walezi wa Mabinti

Mheshimiwa Padri wa Mtaa, mama zetu mliotutangulia katika kazi hii, walezi wenzangu: Tumsifu Yesu Kristo.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha. Kwaresima tulifanya mafungo ya siku moja pamoja na mabinti. Juni, shule zilipofungwa, tukaendesha malango, yaani unyago wetu wa Kikristo wa kuwafunda mabinti, kwa siku kumi. Mabinti watatu walipitia mikononi mwetu kabla ya kutangazwa Jumapili tatu kanisani, na wote wamefunga ndoa. Wagonjwa tumewatembelea, zamu za kufagia kanisa zimekwenda, mwenzetu mmoja tumemzika. Muuguzi aliyefundisha hedhi, uzazi na magonjwa nilimfuata mwenyewe mara tatu mpaka akakubali, na hakutudai hata nauli.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi leo. Mwezi wa nne kamati iliamua kwamba mabinti sita waliozaa nyumbani kabla ya kuolewa waingie malango pamoja na wenzao, darasa moja, benchi moja. Tulikuwa tumeandikisha mabinti 31. Wiki moja kabla ya kuanza, mama zao wakawaondoa 11. Wengine kati ya mama hao wamo humu ndani, na ninawaheshimu, lakini leo nitajibu.

Imesemwa kwamba sikuitisha mkutano mkuu. Niliitisha. Akidi yetu ni wanachama 29. Mara ya kwanza mlikuja 14, mara ya pili 17, na kati ya hao 17 wanne waliondoka kuwahi mbaazi zao. Katibu anayo majina. Ningengoja mara ya tatu, Juni ingepita na mabinti wangekaa nyumbani.

Imesemwa tena kwamba nimevunja katiba. Katiba nimeisoma usiku na mchana. Inasema tutamlea binti aliyebatizwa ambaye hajaolewa. Haikuandika neno lingine baada ya hapo. Hao sita wamebatizwa, wanne wana kipaimara, na hakuna hata mmoja aliyeolewa.

Na imesemwa kisimani, siyo mkutanoni, kwamba nimefanya haya kwa sababu mmoja wao ni mtoto wa dada yangu. Ni kweli, na mtoto wa dada yangu ni mwanangu, sijawahi kumficha. Lakini wale watano wengine si wa ukoo wangu, na wawili kati yao niliwafuata kwao kwa miguu, mara mbili mbili, kuwabembeleza wazazi.

Walezi wenzangu, tukumbuke malango haya yalitoka wapi. Misheni ilifika hapa Masasi mwaka 1876, na kwa miaka mingi binti wa Kikristo alikuwa ama anakwenda unyagoni kwa siri, ama anakaa bila kuchezwa, yaani bila kufundwa, na kuitwa mtoto hadi uzee. Miaka ya 1920 Askofu Vincent Lucas, pamoja na mapadri wetu Waafrika na wazazi, walikubali jando na malango yawe chini ya Kanisa: sala ikakaa mahali pa tambiko, mama Wakristo wakawa walimu. Walilaumiwa, hata na wamisionari wenzao. Kama wangeogopa lawama, mama yangu mzazi asingefundishwa, na mimi nisingekuwa na cha kumfundisha mtu.

Kuna anayesema mabinti hao watawaharibu wenzao. Nitawaeleza nilichokiona. Siku ya tano muuguzi aliuliza nani anajua dalili za hatari kwa mjamzito. Kimya. Mwishoni mwa benchi, karibu na mlango, alikuwepo binti wa kitenge cha njano, mtoto mgongoni, ambaye siku nne zote alikuwa akikaa mguu mmoja nje kama mtu wa kuondoka. Akasimama. Akasema: kichwa kuuma sana, macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba. Akasema yalimpata yeye mwenyewe, akabebwa kwa pikipiki usiku, katikati ya dada yake na dereva. Wenzake wakageuka wote. Wakamwuliza mambo ambayo sisi hawajatuuliza miaka yote. Mmoja akauliza kama mwanaume alimwahidi ndoa. Akajibu, "Aliniahidi mpaka jina la mtoto." Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria ya chai, nikashindwa kuingia. Mimi ninafundisha usafi wa moyo na mwili kabla ya ndoa, na nitaendelea kuufundisha. Sijawahi kuufundisha ukaeleweka kama siku ile.

Mathayo anapotaja ukoo wa Bwana wetu anamtaja Tamari, na Rahabu, na mke wa Uria. Hakuwaruka. Na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatizwa masomo na ujauzito warudi shuleni. Shule iwapokee, Kanisa liwafungie mlango? Hilo mimi sikuliweza.

Nakubali lawama moja: watoto walilia na masomo yakavurugika. Nilikuwa niandae mama wa kuwashika, nikasahau.

Nije kwenye ada, na hapa naumia kwa kweli. Tuko 86, ada ni shilingi 12,000 kwa mwaka. Tulitegemea 1,032,000, zimeingia 397,000. Waliomaliza kulipa ni 29. Maandazi na vikapu vilileta 214,000, Halmashauri ya Mtaa ikatupa 100,000, jumla 711,000. Matumizi 646,500, zaidi ya nusu ikiwa chakula cha malango, zimebaki 64,500. Unga wa siku tatu za mwisho, kilo 40, ulitoka ghalani kwangu na sijaudai. Kila nikikumbusha ada naambiwa tungoje mnada wa korosho. Mnada wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, vitenge vipya nimeviona kanisani, ada sijaiona. Mama anayemfundisha binti kutunza fedha ya nyumba, mwenyewe anadaiwa elfu kumi na mbili!

Kwa mwaka ujao, Mungu akitujalia, tunatarajia kupata banda la kufundishia lenye kivuli cha kukaa watoto, na tunatumaini kumpata mwanasheria atakayeeleza Sheria ya Ndoa ya 1971 na uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2019 kuhusu umri wa kuolewa, maana bado wapo baba wanaokuja kuniambia miaka 15 inatosha. Cherehani nazo tutaziangalia hali ikiruhusu.

Mabinti wale 11 nafasi zao zipo. Mama zao wasipitie kwa watu, waje kwangu nyumbani, jioni yoyote isipokuwa Alhamisi. Mweka hazina amekaa pale karibu na kisima cha ubatizo, daftari liko wazi, na amekuja na chenji.