Barua kwa somo yangu kuhusu mkutano wa korosho

Mikindani, Mtwara

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Mikindani. Nimefurahi sana kusikia kwamba umeingizwa katika kamati ya maandalizi ya mkutano wa kisayansi wa korosho utakaofanyika hapa Mtwara, na kwa kuwa umeniomba maoni, sitakuficha neno.

Unafahamu kwamba sikio langu la kushoto halisikii kitu na la kulia linasikia kwa shida. Katika mkutano mmoja niliohudhuria, karibu kila mtoa mada alikisogeza kando kipaza sauti akisema, "Bila shaka wote mnanisikia," na ukumbi ukaitikia. Sikuthubutu kusimama mbele ya watu wote na kukanusha. Nilikaa siku mbili nikisoma midomo, na kila msemaji alipougeukia ukuta kuonyesha picha zake, maneno yake yalinipotea. Nakusihi, kipaza sauti kitumike muda wote, hata kwa anayeuliza swali kutoka viti vya nyuma, na mwenyekiti wa kikao apewe mamlaka ya kumsimamisha yeyote anayekikataa, ili asiyesikia asilazimike kujitangaza ndipo ahudumiwe.

Fomu ya kujiandikisha nayo iwe na nafasi ya mshiriki kueleza anachohitaji, nanyi mmjibu kabla hajakata tiketi ya basi, maana anayehitaji mkalimani wa lugha ya alama hawezi kusafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam kwa kubahatisha. Wakalimani wawe angalau wawili wapokezane, kwa kuwa kazi ile inachosha akili na mikono. Wenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino, wapewe viti vya mbele na maandishi makubwa.

Ukumbi ukaukague mwenyewe. Nimeona kumbi zenye njia nzuri ya mteremko mlangoni, ilhali jukwaa lina ngazi tupu, kana kwamba mwenye kiti cha magurudumu huja kusikiliza tu wala hana utafiti wa kuwasilisha. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, njia hiyo iwe na urefu wa sentimita 12 au zaidi.

Liko jambo lingine linaloniuma. Mkulima wa Newala au Tandahimba aliyepambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, miaka 30, anayejua ni asubuhi ipi ya kupuliza salfa, anaachwa nje kwa sababu mada zote ni za Kiingereza. Wewe ni mtu wa Lindi, unajua habari za kilima cha Tendaguru: mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin ilichimbuliwa kwa mikono ya watu wa kwetu, lakini ilikuwa mwaka 2007 ndipo jina la msimamizi wao, Boheti bin Amrani, lilipopewa dinosaria mmojawapo, Australodocus bohetii. Wakulima wetu wasisubiri hivyo. Wapewe kikao cha Kiswahili cha kuzungumza wao, kiwekwe asubuhi watu wakiwa na nguvu, na mkutano wenyewe usiangukie Oktoba au Novemba, wakati wa kuokota korosho.

Jumamosi nitakuja mjini. Twende pamoja ukumbini kabla kamati haijalipa, nikae kiti cha mwisho kabisa nawe uzungumze kutoka jukwaani.

Wako akupendaye,
Somo